Mwambambe naye apewe mdomo

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, ile baridi yetu ya Iringa ambayo mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni, nilikaa kwenye bwalo la shule moja ya sekondari hapa mjini, meza za kulia zimesukumwa ukutani, taa za jukwaa ni balbu mbili zimefungiwa ndani ya ndoo za rangi, nikawaangalia madogo wa kidato cha tatu na cha nne wakiigiza vita. Maigizo ya shule nimeyaona mengi kwenye huu mji na mara nyingi nikishavuka geti yanakuwa yameshanitoka kichwani. Hili nimelala nalo nimeamka nalo wiki nzima, ndo maana naandika.

Nilienda nikijua nakwenda kumwona Mkwawa wa siku zote. Aliyesoma Iringa anaujua mtiririko: anatokea Mjerumani amevaa kofia ya boksi, Zelewski kamanda wao anaanguka Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 watu wanapiga vigelegele, mizinga inapiga ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mtwa, yani huyo Mkwawa mtawala wa Wahehe, anaingia porini, halafu Mlambalasi 1898 anajiua, mlio mmoja wa bunduki, taa zinazimwa, na mwisho kabisa anakuja Gavana Twining mwaka 1954 kulirudisha fuvu lake. Tumelikariri kama Baba Yetu. Silidharau hata kidogo, mi mwenyewe nilishaigiza askari wa Zelewski nikiwa darasa la sita nikafa vizuri tu mbele ya wazazi wangu, na ule ushindi wa Lugalo ni wa kujivunia kweli.

Ila hawa wa Ijumaa hawakuanzia hapo. Walianzia mwaka 1879 hivi, Mjerumani hajafika bado, Munyigumba amelala kwenye mkeka anakata roho. Munyigumba ndo aliyezikusanya himaya ndogondogo za nyanda hizi zikawa kitu kimoja, na alipofariki kile kitu kimoja kikapasuka. Mtoto wake Mkwavinyika, huyu tunayemwita Mkwawa, alikuwa bado kijana. Aliyenyanyuka ni Mwambambe, mkwe wa marehemu, ambaye masimulizi yanasema asili yake ni utumwani lakini alipanda kwa uhodari wa vita mpaka akaozwa binti wa Mtwa. Muhalwike, ndugu yake Munyigumba, akauawa. Kijana inasimuliwa alikimbilia Ugogoni, baadaye akarudi, na nchi ikagawanyika, hawa kwa mtoto hawa kwa mkwe, Mwambambe akazidiwa akatoka kwenda kutafuta wapiganaji nje ya Uhehe akarudi nao, na pambano la mwisho lililomuua likapiganwa mahali ambapo mpaka leo panaitwa Lundamatwe, yani mahali vichwa viliporundikwa. Ukitoka mjini kuelekea Ilula, upande wa Kilolo, kijiji kipo na jina ni hilohilo. Nimepita njia ile kwenye basi mara nyingi mno, nimenunua nyanya za Ilula dirishani, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza vile vichwa vilikuwa vya nani.

Vilikuwa vyetu. Mjerumani hakuwepo.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Igizo la vita vya wenyewe kwa wenyewe huwezi kulijenga kwa mbao zilezile za igizo la vita vya mkoloni. Vita vya mkoloni adui anakuja na meli, ana rangi yake, ana lugha yake, hata ukimwigiza kijinga hakuna mtu kwenye bwalo ataumia, watazamaji wote wako upande mmoja wa jukwaa. Vita vya ndani adui ni shemeji yako. Mkwawa na Mwambambe walikuwa mashemeji jamani, wamekula chungu kimoja, na vita ikiisha aliyeshindwa hapandi meli kurudi kwao kwa sababu kwao ni hapahapa, watoto wake wanabaki, wanaoa, wanaolewa, na miaka mia na arobaini baadaye wajukuu wao wako dawati moja na wajukuu wa walioshinda. Kwahiyo ukimpandisha jukwaani aliyeshindwa bila kumpa sababu zake, unawafundisha watoto kwamba kushinda ndo ushahidi wa kuwa na haki. Mi hilo siwezi kulikubali, tena mkoa huu kuliko mkoa mwingine wowote, maana Mkwawa mwenyewe mwishoni alishindwa.

Na nusu ya kwanza ya igizo ilianguka kabisa kwenye mtego huo, lazima niseme. Mwambambe anaingia amelewa, ana kibuyu cha ulanzi mkononi, anacheka cheko la jini la kwenye filamu, anatembea amejikunja, kila neno lake ni tusi. Watoto wa kidato cha kwanza walicheka sana. Mi nikawa nasema moyoni haya tumerudi kulekule, tumebadilisha kofia tu.

Halafu baada ya mapumziko akaingia Mwambambe mwingine. Kijana ni yuleyule, shuka ni lilelile, ila anasimama wima, anaongea taratibu. Nikashangaa mpaka nilipoongea na madam anayesimamia kikundi, mwalimu wa Kiswahili, akanieleza kilichotokea. Wakiwa mazoezini, wiki tatu kabla ya onyesho, yule kijana alisimama katikati ya sentensi akamuuliza, "Madam, kama huyu jamaa ni mlevi na mjinga hivi, watu walimfuata kwa nini?" Madam hakuwa na jibu, skripti haikuwa na jibu, wakasimamisha mazoezi siku mbili wakakaa chini kuandika upya. Muda ukawa mdogo, mitihani ya muhula iko mlangoni, wakafanikiwa kuandika upya kuanzia katikati tu. Ndo maana igizo lina Mwambambe wawili. Ningependa sana wapate nafasi ya kurudi kwenye ile nusu ya kwanza, ila swali la yule kijana kwangu lina thamani kuliko maigizo kumi yaliyonyooka.

Kwenye ile nusu ya pili anasimama mbele ya wazee wa baraza anawaambia, "Nilipokuwa na mkuki mbele yenu hamkuniuliza nimezaliwa wapi. Mkuki wangu mliuita mkuki wa Mhehe. Leo nataka kiti ndo mnaniuliza mama yangu alitekwa wapi." Bwalo lilinyamaza, lilinyamaza kweli, unasikia mpaka bati linavyolia kwa upepo. Halafu dakika tano baadaye ni mtu huyohuyo anamuua Muhalwike, na igizo halimfichi wala halimsafishi, damu ni damu. Hicho ndo ninachokitaka. Kumpa mtu sababu siyo kumpa msamaha. Unaweza ukamwelewa mtu vizuri sana na bado mikono yake ina damu, na mtoto wa miaka kumi na sita akiweza kubeba hayo mawili kwa pamoja kichwani kwake, basi ameshajifunza historia.

Neno mtumwa hapo ndo linaniwasha zaidi. Madam aliniambia kwamba baada ya mazoezi yale ya mwanzo wenzake walianza kumwita yule kijana mtumwa, bwenini, kwenye foleni ya chakula, kwa utani tu wanasema, ikabidi aite kikao. Ona lilivyo na nguvu, neno la karne ya kumi na tisa linarudi kwenye foleni ya maharage kirahisi hivyo. Nchi ya Munyigumba ilikua kwa vita na vita ilileta mateka, wanawake na watoto na vijana, waliingizwa kwenye nyumba za watu, wakalima, wakazaa, wakapigana, na wakawa Wahehe. Tena jina lenyewe la Wahehe inasemekana lilitokana na ukelele wa vitani, yani ni jina la watu waliopiga ukelele pamoja, siyo jina la damu moja. Nani kati yetu ana uhakika kwamba bibi wa bibi yake hakufika Uhehe amefungwa kamba? Wanaotuambia asili ya Mwambambe ni masimulizi, na masimulizi yalitunzwa kwenye nyumba iliyoshinda. Sisemi ni uongo. Nasema kila neno lina mwenye nalo, na mwanafunzi wa historia afundishwe kuuliza neno hili nani alilishika na lilimfaa nini.

Ile sini ya Lundamatwe nayo nataka niielezee maana sijawahi kuona kitu kama kile kwenye jukwaa la shule. Nilikuwa nasubiri fujo, mikuki ya matete, watoto wanaanguka hovyo, mmoja anafufuka kurekebisha shuka. Hawakupigana kabisa. Taa moja ikazimwa, wakaingia wamebeba vibuyu, kila mmoja kibuyu kimoja, wanaviweka chini kimoja baada ya kingine mpaka vikawa kichuguu, na pembeni amesimama msichana ameshika daftari kubwa anaita majina kama mwalimu wa darasa anavyoita rejista asubuhi. Kalinga. Kimya. Kikoti. Kimya. Nyenza. Kimya. Mgongolwa. Kimya. Majina ya ukoo ya humuhumu, majina ambayo yako kwenye rejista za shule yao kweli, na kila likiitwa unaona kwenye viti mtu fulani anashtuka kidogo kwa sababu ni lake. Hakusema huyu alikuwa wa Mkwawa huyu wa Mwambambe. Kuna mwalimu mwenzangu tuliyekaa naye akaninong'oneza kwamba rejista haikuwepo enzi hizo, ni kosa la kihistoria. Nimelifikiria sana hilo na nimemkatalia. Jukwaa siyo makumbusho. Wangeweka ngao sahihi na mikuki sahihi tungeangalia ngao na mikuki, ila rejista ilituangalia sisi.

Kilichoniuma ni binti wa Munyigumba. Fikiria huyu mwanamke. Baba yake amefariki, mume wake anataka kiti cha baba yake, kaka yake anakitaka pia, baba yake mdogo ameuawa na mumewe, na vyovyote itakavyoisha kuna msiba nyumbani kwake. Hakuna mtu kwenye vita ile nzima aliyebanwa kama yeye. Na kwenye igizo amepewa sentensi moja, anaingia na kata ya maji anasema "Mume wangu, wageni wamefika," anatoka. Basi. Msichana aliyeigiza, ndo huyohuyo baadaye anaita rejista, ana sauti ya kukufanya uache kutafuna karanga, na wamempa sentensi moja ya kukaribisha wageni. Kuna wavulana kumi na wawili jukwaani wanabishana kuhusu kiti na mtu pekee ambaye pande zote mbili ni ndugu zake yuko jikoni. Nilimwambia madam na nairudia hapa, kama kuna kitu kimoja cha kuongeza kwenye igizo ni hicho, mengine yote yasubiri.

Kuna jambo lingine ambalo huwezi kulipata kwenye kitabu, unalipata kwa sababu madarasa yetu siku hizi yamechanganyika. Mmoja wa waigizaji kwao ni Mbarali, Msangu. Sasa Usangu na Uhehe historia yao inajulikana, Wahehe waliwasukuma Wasangu na mtawala wao Merere mpaka wakatoka Utengule yao wakaenda kukaa upande wa Usafwa, kule karibu na Mbeya, na Merere baadaye akasimama na Mjerumani dhidi ya Mkwawa. Kwenye vitabu vyetu vya Iringa hiyo inaitwa usaliti. Yule kijana wakati wa majadiliano baada ya igizo akanyoosha mkono akasema kwa adabu kabisa, "Kwetu babu anasema tulirudi nyumbani." Maneno matano tu hayo. Wenzake wakaguna, mmoja akataka kumzomea, na mwalimu wa historia akafanya jambo la maana sana, akasema aendelee. Pale pale bwaloni igizo likapata sehemu ya tatu ambayo hakuna aliyeiandika.

Wakamaliza na Mpangile, siyo na Mkwawa, na kwa macho yangu hii ndo sehemu bora kuliko zote. Mpangile ni ndugu yake Mkwawa, Wajerumani walimkalisha kwenye kiti mwishoni mwa 1896 wakati kaka mtu yuko porini anawindwa, na Februari 1897 walewale waliomkalisha wakamnyonga wakimtuhumu kwamba chinichini anamsaidia ndugu yake. Hata miezi mitatu haikuisha. Walimvalisha koti kubwa la mwalimu mkuu, mikono inameza vidole, anakaa kwenye kiti cha ofisini cha kuzunguka na kila akitaka kuongea kuna mtu nyuma anakizungusha kidogo. Usiku anafika mjumbe kutoka porini, haongei, anakaa tu mlangoni. Mpangile anamwangalia muda mrefu, halafu anachukua sahani yake ya chakula anaiweka sakafuni katikati yao. Taa. Hawakutuambia kama mjumbe alikula. Hawakutuambia kama Mpangile ni msaliti au ni mtu aliyejitoa kuwa ukuta kati ya bunduki na watu wake. Wamekuachia, na ukitoka nje na baridi ile unatembea kuelekea Miyomboni unajikuta unabishana na mwenzio njia nzima.

Najua yatakayosemwa na mengine nilishaambiwa papohapo. Mzee mmoja wa upande wa Kalenga, baada ya kupeana kamwene na kujuliana hali, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, haya mambo sisi tuliambiwa tusiyaanike." Nikamuuliza kwa heshima, babu, ni kwa sababu siyo ya kweli? Akasema hapana. "Ni kwa sababu wapo. Humuhumu ndani walikuwa wamekaa." Alimaanisha wajukuu wa pande zote mbili. Namheshimu sana mzee yule na sichukulii maneno yake kama woga. Wazee wetu walinyamaza kwa makusudi, kunyamaza kulikuwa ndo mkataba wa amani, watu waliouana Lundamatwe ilibidi walime mabonde jirani na wakopeshane mbegu, na ndani ya miaka michache tu ilibidi wasimame mstari mmoja Lugalo. Wangekuwa wanakumbushana kila jioni wasingefika huko. Kwahiyo simwambii mzee kwamba alikosea. Namwambia kwamba ule mkataba umefanya kazi yake, wajukuu wameshachanganyika kiasi kwamba huwezi kuwatenganisha hata ukitaka, na sasa kinachobaki kwenye ukimya ule siyo amani tena, ni lile neno mtumwa peke yake, linaelea bila hadithi yake, mtoto analiokota kwenye foleni ya maharage. Hata vita na Wangoni vilikuwa vikali na leo Mhehe na Mngoni ni watani, wanazikana wakitupiana maneno msibani. Utani si ni njia ya kuyasema? Yaliyosemwa tukayacheka. Ya ndani ndo hatujayasema, ndo maana hayachekeki.

Wengine ni walimu, wao hofu yao ni mtihani. Hii naielewa pia, kipindi ni dakika arobaini na mada haziishi. Lakini sasa hivi kwenye mtaala mpya tuna somo la lazima linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili, na mi hilo neno la pili ndo linanipa wasiwasi na matumaini kwa wakati mmoja. Wasiwasi, kwa sababu ukichanganya historia na maadili kivivu unapata orodha ya mashujaa wa kuigwa na wasaliti wa kulaaniwa, mtoto anakariri, anapata A. Matumaini, kwa sababu hakuna somo la maadili zito kama kumwambia mtoto wa kidato cha tatu aje aigize mtu ambaye kijiji chake kinamlaani, asimame mahali pa yule mtu, aseme maneno yake kana kwamba ni yake, kisha arudi darasani. Yule kijana aliyekuwa Mwambambe hatamsahau maisha yake yote. Wale waliokuwa wanaandika noti za Mkwawa ubaoni, mi mmoja wao, tulisahau wiki ya mtihani ilipoisha.

Na haihitaji hela nyingi kivile. Vibuyu vilitoka majumbani, mashuka ni ya kwao, daftari la rejista ni la shule, koti la mwalimu mkuu lilirudishwa Jumatatu. Kilichohitajika ni mwalimu aliyekubali kusimamisha mazoezi siku mbili kwa ajili ya swali moja. Maafisa elimu wanaohesabu vikombe vya michezo waje wakae kwenye bwalo kama lile jioni moja, bila hotuba, wakae tu.

Mpango wao baada ya mavuno ni kulipeleka igizo Lundamatwe kwenyewe, wacheze uwanjani mchana kweupe mbele ya watu wa kijiji. Wanatafuta Coaster ya kwenda na kurudi siku moja na uongozi wa kijiji umeshasema utawapa uji na viazi. Nimewashauri waanze na wazee kabla ya jukwaa, wafike siku moja kabla, wabishe hodi, waombe ruhusa, wasikie huko kwenyewe wanasimuliaje, na kama kuna jina la kutotamkwa kwenye rejista wasilitamke.

Juzi usiku madam akanitumia picha kwenye WhatsApp, ukurasa wa daftari umeandikwa kwa penseli umefutwa umeandikwa tena, ni yule msichana wa sentensi moja kaanza kuandika sini yake. Binti wa Munyigumba yuko peke yake jikoni, mafiga matatu, chungu kimoja. Anasonga ugali. Nje mbwa wanabweka, kuna watu wanakuja na hajui usiku huu anayekuja kula ni mume wake au ni kaka yake, na anaongeza unga.